Mguu wa Kwanza Mlangoni

Kabla hakujapambazuka, sauti ya kwanza katika nyumba ya Elspet Gatt ilikuwa ya chuma kikikwangua majivu jikoni. Krr, krr, kisha kimya, kisha krr tena, polepole, kama paka anayeomba kufunguliwa mlango. Elspet alikuwa akijitahidi asimwamshe mpangaji wake. Hakujua kwamba mpangaji mwenyewe alikuwa macho kitambo kule juu chini ya paa, blanketi limemfika puani, akiingoja sauti ile kama wengine wanavyongoja barua.

Maana katika Port Darroch nzima, asubuhi, hakuna kitu kingine kilichomsemesha.

Mpangaji huyo aliitwa Avis Thorley, msichana wa miaka kumi na tisa. Kwao ni bara, Uingereza ya kati, mji wa viwanda vya vyombo vya udongo, ambako mtu huweza kuzeeka na kuzikwa bila kuiona bahari. Vita vilipopamba moto alijiunga na jeshi la majini, upande wa wanawake, akafundishwa kusoma taa: nukta na mstari, nukta na mstari, mpaka akawa anaota kwa lugha hiyo. Alidhani atapelekwa bandari kubwa pamoja na wenzake, wawe wanachekeshana usiku. Akaletwa huku Uskoti, kwenye bandari ndogo ya wavuvi, ambako jeshi lilikuwa limezitwaa meli za samaki ili zifagie mabomu yaliyotegwa baharini. Wasichana wengine walikuwa wamejaa katika hoteli ya mji wa pili, ng'ambo ya kilima. Kitanda cha mwisho kilipokwisha, aliyebaki amesimama na mfuko wake wa turubai alikuwa Avis. Basi akapewa chumba kwa Elspet, mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume na kuku mmoja.

Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha ishara, juu ya jabali, pamoja na Tuckett, baharia mzee aliyeitwa tena jeshini kutoka kwenye pensheni yake. Tuckett hakuwa msemaji. Lakini kila zamu alimwachia Avis nafasi iliyo karibu na jiko la mafuta, na yeye akakaa penye ufa wa upepo, akisema eti joto humletea usingizi. Avis alichukua wiki kadhaa kutambua kwamba ule ulikuwa uongo wa mapenzi.

Wanaume wa pale hawakumsalimu. Akitokea upande huu wa gati, wao hutazama ule. Mmoja, Mzee Jock, alikutana naye alfajiri karibu na bomba la maji, akageuka na kurudi kwake moja kwa moja na vyombo vyake vya kazi mgongoni. Avis akajua moyoni kwamba wanamchukia kwa kuwa ni Mwingereza, akawa anatembea ameinamisha kichwa.

Mambo ya nyumbani nayo yalimchanganya. Siku za mwanzo, mezani, alianza kusimulia habari za mjomba wake aliyekuwa akifuga nguruwe. Hakuzimaliza. Elspet alikwisha kukamata chuma cha kuchokolea moto kwa mikono miwili, na jirani yake, Baubie Ritchie, aliyekuja kuazima sukari, alikuwa ameng'ang'ania mguu wa jiko. Avis akadhani jiko linaanguka, naye akaruka kulishika, akaungua vidole.

Elspet alimpaka siagi, ile siagi ya mgawo wa wiki nzima, bila hata kuipima kwa jicho.

"Mnyama huyo hatajwi hapa, binti," akamwambia. "Wala yule samaki mwenye nyama nyekundu. Wala mtu wa koti jeusi anayehubiri Jumapili. Ulimi ukiteleza, shika chuma."

"Sasa huyo mnyama mnamwitaje?"

"Hatumwiti. Akija mwenyewe tunamla."

Baubie alicheka mpaka akamwaga sukari aliyoazima.

Aliyemfumbulia Avis fumbo la wanaume alikuwa Gilbert, mtoto wa Elspet, alipopata ruhusa ya kulala nyumbani usiku mmoja mwezi wa Novemba. Alikuwa kijana mkubwa, nywele nyeusi kama masizi ya birika, na alipopita mlangoni ilimbidi ainame. Meli yake iliitwa Tawi la Amani. Zamani ilivua heringi. Sasa ilivuta nyaya za kukatia mabomu, na mabaharia ni walewale.

"Kumbe wewe ndiye Karoti," alisema, akimtazama kichwani. "Mzee Jock umemrudisha kitandani mara mbili wiki hii. Mkewe anauliza kama unaweza kushika njia nyingine, naye apate kupumzika."

"Gilbert," mama yake akamkemea, huku anaficha kicheko kwenye aproni.

Ndipo Avis alipoelewa. Si Uingereza wake, ni nywele zake. Mvuvi akikutana na mwanamke mwenye nywele nyekundu kabla hajapanda chomboni, siku hiyo ni nuksi. Heri arudi alale. Avis alicheka pamoja nao, na usiku ule alipopanda juu akalia kidogo, maana kuchukiwa kwa ajili ya nchi yako unaweza kuzoea, lakini nywele mtu anazaliwa nazo. Kuanzia hapo akawa anapita nyuma, penye vibanda vya kutilia samaki chumvi. Haikupita siku nyingi akakuta juu ya mto wake kofia ya sufu ya rangi ya buluu iliyoiva, imefumwa ndefu ya kufunika masikio na kila unywele.

"Ni kwa ajili ya baridi tu," Elspet alisema, bila kuinua macho kwenye sindano zake.

Usiku uleule wa Novemba mama na mwana walibishana juu ya sikukuu. Wavuvi wa pale wana mwaka mpya mara mbili: ule wa kalenda ya madukani, na ule wa wazee, unaokuja siku chache baadaye, kwa sababu mababu zao walipobadilishiwa kalenda walikataa kuachana na yao. Gilbert alisema mama yake anashika zote mbili kwa kuwa anapenda kula keki mara mbili. Elspet akajibu kwamba mwaka ambao mwanawe ataufungua ndio mwaka, hata uwe wa nani.

Avis alisikia neno hilo, kufungua mwaka, likampita. Hakuna aliyemweleza. Kwao lilikuwa jambo kama kupumua, na nani humfundisha mgeni kupumua?

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka ukigeuka, mguu wa kwanza kuvuka kizingiti cha mlango wa mbele ndio unaoleta bahati ya nyumba mwaka mzima. Atakiwaye ni mwanamume, mwenye nywele nyeusi, na mkononi awe na kipande cha makaa ya mawe ili moto usizimike. Tangu baba yake afariki, Gilbert ndiye aliyekuwa akifanya: anatoka kwa mlango wa nyuma, anazunguka nyumba, anaingia kwa mlango wa mbele, anamkuta mama yake amesimama kama aliyepata mgeni wa heshima. Anayeogopwa ni mwanamke. Na zaidi ya mwanamke, mwenye nywele nyekundu. Na zaidi ya hao, mwenye mikono mitupu.

Mwaka ule Gilbert alikuwa baharini. Elspet aliamua kizingiti kimngoje, hata kama ni mpaka adhuhuri. Alimwambia Baubie asije. Mpangaji naye alikuwa zamu ya usiku, na angerudi alfajiri. Elspet alikusudia amngojee kwenye mlango wa nyuma. Akaketi karibu na moto na kufuma kwake. Alikuwa ameamka tangu alfajiri ya jana, amesugua nyumba nzima. Usingizi haubishi hodi. Ukamchukua pale pale kitini.

Avis alirudi akiwa amelowa theluji mpaka kwenye fulana. Siku zote alipitia nyuma, lakini komeo la mlango wa nyuma lilikuwa na kelele kama sufuria iliyoanguka, na kupitia upenyo wa pazia jeusi la kuficha taa alimwona Elspet amelala, kichwa kimeegemea bega, ameonekana mzee ghafula. Akamhurumia. Akazunguka mbele, akaviacha viatu nje, akafungua polepole, akaingia kwa ncha za vidole. Ndani akavua kofia iliyokuwa inachuruzika maji.

Elspet akafumbua macho.

"Heri ya mwaka mpya, Bi Elspet," Avis alisema, akitabasamu.

Yule mama alimtazama zile nywele, akamtazama mikono, akautazama mlango. "Umepitia wapi?"

"Mbele. Sikutaka kukuamsha."

Elspet akaweka kufuma kwake chini. Kisha akainuka, akamvua koti, akamkalisha kwenye kiti kilekile chenye joto lake. Akammiminia chai. Chai ikajaa mpaka ikamwagika, na Avis akadhani ni usingizi.

Aliyemwambia ukweli ni Baubie, siku hiyo hiyo, kwenye bomba la maji, mbele ya wanawake wengine waliokuwa na ndoo. Baubie hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu wawili kwenye meli hizo, na hofu ina ulimi wake. Aliuliza nani aliyefungua mwaka kwa Elspet, na Avis, kwa furaha ya kusemeshwa, akajibu kwamba ni yeye. Ndoo moja ikawekwa chini. Baubie akamweleza yote, neno kwa neno, na mwisho akasema:

"Mwanamke ana mtoto mmoja tu duniani, nawe umeshindwa kupita mlango wa nyuma."

Jioni ile Avis alikwenda kazini akiwa amekosa pa kuuweka uso wake. Hakuyaamini mambo hayo. Alikuwa amekwenda shule. Lakini alikuwa akimpenda yule mama, na mtu haogopi lake mwenyewe kama anavyoogopa la anayempenda.

Kesho yake mchana meli zilirudi. Nne zilikuwa zimekwenda. Avis alisimama na darubini, Tuckett ubavuni pake, wakahesabu tatu. Ya mbele ikaanza kuwasha taa. Kazi ya Avis ilikuwa kusoma kwa sauti, herufi baada ya herufi, na Tuckett aandike. Akasoma. Meli ikitaja jina, yeye analitamka vipande vipande, Ta, wi, kabla akili yake haijafika mahali ambapo mdomo umekwisha kufika. Tawi la Amani limelipuka. Hakuna aliyeokolewa.

Tuckett akaweka penseli chini. Akamshika Avis begani, akamsogeza penye joto. Kisha, kwa kuwa ilikuwa lazima, akamkumbusha kiapo. Habari hiyo ni ya jeshi mpaka jeshi lenyewe liwajulishe jamaa. Si kwa mama, si kwa jirani, si kwa uso.

"Si kwa uso," Avis akarudia.

Siku mbili alikaa meza moja na Elspet. Bandari nzima ilikuwa imeona meli tatu, lakini Elspet alisema huenda wameingia bandari nyingine, hutokea hivyo, na aliendelea kufuma soksi za Gilbert. Avis alitazama kisigino kikigeuka kwenye sindano. Alikuwa hajapata kuwa peke yake namna ile. Chumba kina watu wawili, na kati yao limelala jambo ambalo mmoja analijua na mwingine ndiye mwenye haki nalo. Siku ya pili kuku alitaga, na Elspet akamchemshia yai lile, yai pekee kwa wiki nzima, kwa sababu alimwona amekonda. Avis alilivunja, akalitia chumvi, akashindwa kumeza. Elspet alitazama yai, akatazama uso wa msichana, akaichukua sahani taratibu na kuifunika.

Hakuuliza kitu.

Asubuhi iliyofuata mtu wa koti jeusi alishuka njia ya bandarini na barua ya jeshi mkononi. Pale kila nyumba inajua maana yake. Milango ikawa inafungwa mmoja baada ya mwingine mbele yake, na nyuma ya kila mlango mwanamke amesimama akiomba nyayo zipite. Kwa Elspet mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo nyeusi.

Baada ya siku ile ikakosekana sauti ya alfajiri. Avis aliamka kwenye kimya, akashuka, akakuta jiko la baridi na Elspet ameketi gizani. Alijaribu kukwangua majivu mwenyewe. Akaishia kuyamwaga sakafuni. Akapika uji wa shayiri, ukaungua. Elspet aliula bila kulalamika. Njiani wanawake walimpisha Avis kama anayebeba maji ya moto. Baubie akikutana naye anashika chuma cha ndoo.

Basi akafanya alichoona ni kizuri. Alikwenda kwa ofisa wa kike, ng'ambo ya kilima, akaomba ahamishwe. Alipoulizwa sababu akasema hali ya hewa. Ofisa yule alimtazama sana, lakini kulikuwa na upungufu wa wasoma taa bandari ya kusini, na ombi likakubaliwa. Aondoke kwa basi la asubuhi.

Jioni ya mwisho alimwambia Elspet kwamba jeshi limemhamisha. Elspet akaitikia kwa kichwa, akauliza kama soksi anazo. Avis akasema anazo. Akapanda juu, akafunga mfuko wake, akalala na nguo. Alijua anaondoka bila kusamehewa, na hakuona haki ya kuomba. Msamaha gani utaomba kwa mtu aliyepoteza mwana, na wewe ndiye jirani zake wanayemnyooshea kidole?

Kabla hakujapambazuka akasikia: krr, krr.

Akadhani anaota. Kimya, kisha krr tena, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine.

Alishuka na viatu mkononi. Moto ulikuwa umekokwa. Mezani palikuwa na kitambaa cheupe, keki nyeusi ya zabibu, na soksi za Gilbert zimekunjwa, zimemalizika. Elspet alikuwa amechana nywele zake. Kwanza Avis hakuelewa, kisha akakumbuka siku. Ulikuwa mwaka mpya wa wazee.

"Kaa kidogo," Elspet alisema. "Basi litangoja, dereva ni binamu yangu."

Avis hakukaa. Maneno yaliyomjaa siku zote yakamtoka vibaya vibaya. Alisema ni yeye aliyeomba kuhama, jeshi halikumtuma. Alisema hakujua habari ya mlango. Alisema alijua habari ya meli siku mbili nzima na akala mkate wake.

"Hukula," Elspet akasema. "Yai uliliacha. Hapo ndipo nilipojua, mwanangu. Sikukuuliza, nisije nikakulazimisha kusema uongo."

Avis akasimama na viatu vyake mkononi, machozi yanamshuka.

"Nami nitakwambia langu," Elspet akaendelea. "Ile alfajiri nilipokuona, moyo wangu ulikuchukia, kwa muda wa kunywa chai moja hivi. Kisha nikaona soksi zako zinatoa maji sakafuni, nikasema huyu amezunguka nyumba katika theluji ili mimi nilale. Bahari haikungoja nywele zako. Ilimchukua baba yake Gilbert wewe hujawahi hata kuiona."

Akainama kwenye ndoo, akachagua kipande cha makaa ya mawe, akakipangusa kwa aproni kama mtu apangusavyo tunda. Akakitia katika kiganja cha Avis. Akamvua ile kofia ya buluu, akaiweka mezani, akamlaza nywele mabegani kwa mikono yake miwili.

"Toka nyuma," alisema. "Zunguka. Mwaka huu wa wazee sijaona mguu bado."

"Bi Elspet, mimi? Watu watasema nini?"

"Watasema. Mwenye nywele nyeusi yuko baharini na harudi. Aliyenibakia ni mwekundu."

Avis akavaa viatu, akatoka. Komeo lilipiga kelele kama sufuria iliyoanguka. Alipita ukutani kwenye theluji, kichwa wazi, makaa mkononi, na kulikuwa kumeanza kuwa na weupe upande wa bahari. Baubie Ritchie alikuwa mlangoni kwake na ndoo. Alimwona, akaona nywele, akaona makaa, akaona anaelekea wapi. Mkono wake ukashuka kuelekea chuma cha ndoo, ukasimama njiani. Kisha Baubie akaufunga mlango wake, bila kuubamiza.

Elspet alikuwa amesimama ndani, wima, kama mtu aliyepata mgeni wa heshima. Avis akavuka kizingiti.

"Heri ya mwaka mpya," alisema, akilionyesha kaa.

"Na kwako, na wa kwako wote."

Akaliweka kaa juu ya moto. Likafuka, likakaa bila kushika, wakalitazama wote wawili mpaka liliposhika. Kisha wakala keki wamesimama, kwa kuwa honi ya basi ilikuwa imekwisha kusikika kilimani. Elspet akazitia soksi ndani ya mfuko wa turubai, chini kabisa, mahali zisipoweza kurudishwa. Akamvika kofia, akamsukumia nywele ndani, mpaka ule mmoja wa mwisho karibu na sikio.

Alimsindikiza mpaka kizingitini, asipite hapo.

"Mwakani siku kama hii, popote watakapokuwa wamekuweka, omba ruhusa," alimwambia. "Mlango wa mbele sitaufunga. Njoo tena, mwanangu. Unifungulie mwaka."